Mbwa wawili, upele wa aina mbili: mmoja hajilazi kwa kujikuna, mwingine ananyonyoka manyoya

Assalaam alaykum, daktari.

Naandika kutoka Ganda, Malindi. Tuna mbwa wawili wa kulinda boma na mbuzi. Hawaingii ndani, wanalala kwenye kibanda cha makuti nyuma ya jiko, juu ya magunia. Mkubwa ni dume wa miaka 4, kilo 22, mchanganyiko wa mbwa wa kienyeji na Jamani Shepadi. Mdogo ni jike wa miezi 5, kilo 9, tuliletewa kutoka Kakuyuni alipoachishwa ziwa.

Dume anajikuna zaidi ya mwezi sasa. Usiku hatulali kwa kishindo cha mguu wake ukigonga mlango wa bati. Kingo za masikio zimeota magaga ya kijivu, viwiko na vifundo vya miguu ya nyuma havina manyoya, na tumboni ana vipele vyekundu. Amekonda, maana hata chakula anakiacha ili ajikune. Haya yalianza baada ya mbwa mmoja wa mtaani, aliyebaki ngozi tupu, kuzoea kulala hapo kibandani.

Huyu mdogo hajikuni. Alianza na baka moja lisilo na manyoya juu ya jicho la kushoto, upana wa shilingi, kisha la pili pembeni mwa mdomo. Alipita mtu anayetibu mifugo, akasema ni mzio, akamdunga sindano ya deksamethazoni. Wiki iliyofuata akamdunga nyingine. Sasa mabaka yameshuka hadi miguu ya mbele, nyayo zimevimba, na katikati ya vidole panatoka usaha na damu.

Ushauri ni mwingi. Shemeji yangu ana ng'ombe, na anasema niwaogeshe wote kwa Triatix, dawa ya kuogeshea ng'ombe, iliyombakia, halafu niwadunge ivamektini ya ng'ombe, mililita 2 kila mmoja. Baba mkwe anasema niwapake oili chafu ya gari. Jirani anasema niwapeleke baharini kila asubuhi. Mimi nimemwogesha dume kwa maji ya mwarobaini yaliyochemshwa. Alitulia jioni ile tu.

Linalonitia hofu zaidi ni binti yangu wa miaka 8, ambaye ndiye huwapelekea chakula. Ametokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Je, ameambukizwa na mbwa? Tuanze na nani, na tuanzie wapi? Nasi ni Waislamu, kwa hiyo kuwashika mbwa wakiwa wamelowa kunatupa uzito.

Mama wa Ganda


Waalaykum salaam, mama.

Kwa maelezo yako, hao mbwa wana magonjwa mawili. Wote wameshikwa na utitiri, yaani vidudu vya miguu minane visivyoonekana kwa macho, lakini si utitiri wa aina moja. Mmoja unachimba juu ya ngozi na unaambukiza kila mbwa atakayesogea. Mwingine unaishi chini kwenye mashina ya manyoya na hauambukizi. Sindano inayompa nafuu mmoja inaweza kumharibu mwingine, na muda wa tiba unaomtosha mmoja utamwacha mwingine njiani. Kwa hiyo msiguse Triatix wala bomba la sindano mpaka ngozi zao zikwanguliwe na kutazamwa kwenye hadubini. Ni kazi ya dakika chache kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na ndiyo itakayowaokolea pesa.

Nianze na dume. Dalili zake ni za utitiri uitwao Sarcoptes scabiei. Jike lake hutoboa tabaka la juu la ngozi, akatengeneza vijia na kutaga mayai humo. Kutoka yai hadi mdudu mzima ni kama wiki 2 hadi 3. Mwasho ule mkali hauletwi na kuchimba peke yake. Mwili wa mbwa unayakataa mate, kinyesi na mayai ya mdudu, na ndiyo sababu mbwa mwenye wadudu wachache sana anaweza kujikuna mpaka akaacha kula. Hupenda penye manyoya haba: ukingo wa sikio, kiwiko, kifundo cha mguu wa nyuma, tumbo. Ndipo hapo hapo ulipopataja. Viroboto wangemshika zaidi kiunoni na kwenye shina la mkia, na funza wangekaa nyayoni, wakionekana kama vijivimbe vyenye doa jeusi katikati.

Kuna jaribio mnaloweza kufanya leo. Mvae glavu, mshike ukingo wa sikio lake, muukunje na kuusugua juu ya sikio lenyewe kwa sekunde 5 hivi. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kurusharusha kama anayejikuna, upele huu unashukiwa kwa nguvu. Mbwa wengi wenye Sarcoptes hufanya hivyo. Si ushahidi kamili, maana sikio lenye ugonjwa mwingine nalo linaweza kumchochea, ila ni dalili nzuri ya kumweleza daktari.

Kwenye kukwangua ndipo watu wengi hupotoshwa. Daktari atachukua kisu kilichofanywa butu kidogo, atie tone la mafuta mepesi ya madini kwenye ngozi, kisha akwangue eneo pana juu juu, hasa kwenye vipele vyenye kigaga cha manjano ambavyo mbwa hajavikuna bado, kiwikoni na ukingoni mwa sikio. Akikwangua sehemu mbili tatu tu atakosa. Zinahitajika kama 10. Hata kwa mkono mzuri, wadudu huonekana kwa nusu ya mbwa wagonjwa au pungufu. Kwa hiyo mkiambiwa "hatukuona kitu", msihesabu kwamba mbwa ni mzima. Mbwa anayejikuna hivi, mwenye masikio haya, aliyelala na mbwa aliyenyonyoka, hutibiwa kama mwenye Sarcoptes hata hadubini ikikaa kimya, na kupona kwake ndiko kunakothibitisha.

Sasa huyu mdogo, ambaye ndiye anayenisumbua moyo zaidi. Baka juu ya jicho, baka pembeni mwa mdomo, hakuna mwasho, umri chini ya mwaka: hiyo ni sura ya Demodex canis. Kila mbwa ana utitiri huu kidogo. Anaupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, nao hukaa kwenye mashina ya manyoya bila kumdhuru. Matatizo huanza kinga ya mwili inapolegea, au mbwa anapozaliwa na udhaifu wa kuuzuia, ndipo unapozaliana mpaka manyoya yanang'oka. Mtoto wa mbwa mwenye mabaka mawili matatu madogo mara nyingi hupona bila dawa ya kuua utitiri, akipewa dawa ya minyoo, chakula chenye protini na muda wa miezi michache.

Deksamethazoni ndiyo iliyogeuza mambo. Ni dawa ya jamii ya kotizoni, kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili, na kinga hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ikiuzuia utitiri. Baada ya sindano ya pili mlango umekuwa wazi. Kwa vile sasa ugonjwa umefika miguuni, na nyayo zinatoa usaha, hauhesabiwi tena kuwa wa mabaka machache. Ni wa mwili mzima, na hautapona wenyewe. Asidungwe tena kotizoni ya aina yoyote, wala asipakwe krimu ya ngozi ya binadamu yenye betamethazoni, ambayo naona watu wengi wanaipaka kila kinachofanana na upele.

Kumkwangua huyu ni kazi nyingine. Ngozi hubanwa kwa vidole ili wadudu wasukumwe juu kutoka mashinani, kisha hukwanguliwa kuufuata uelekeo wa manyoya, mahali pamoja, mpaka vidoa vya damu vitokeze. Asipofika kwenye damu hajafika kwa mdudu. Kwenye nyayo zilizovimba au karibu na jicho, ambapo kisu kinaumiza, hung'olewa manyoya kadhaa kwa koleo dogo na kutazamwa mizizi yake kwenye mafuta. Demodex ana mwili mrefu wenye umbo la sigara na vijiguu vifupi karibu na kichwa. Sarcoptes ni wa mviringo. Mtu akishawaona wote wawili mara moja hawezi kuwachanganya. Mwambie daktari akukwangulie sehemu kadhaa na akuandikie idadi ya wadudu wazima, wachanga na mayai kwa kila sehemu, kwa sababu idadi hizo ndizo zitakazoonyesha mwezi ujao kama tiba inafanya kazi.

Msiwaogeshe wala kuwapaka mafuta siku chache kabla ya kwenda. Ngozi iliyooshwa au iliyojaa oili haionyeshi kitu.

Kuhusu dawa, chaguo langu la kwanza kwa wote wawili ni vidonge vya kutafuna vya kundi la fluralana, afoksolana na sarolana. Majina ya dukani ni Bravecto, NexGard na Simparica. Vinafika kwenye ngozi kupitia damu, vinaua Sarcoptes na Demodex, na havioshwi na mvua. Vinauzwa kwa uzito wa mbwa. Kwa dume wa kilo 22, NexGard ni kile cha miligramu 68, cha mbwa wa kilo 10 hadi 25; apewe kimoja, na kingine baada ya mwezi. Au Bravecto ya miligramu 1000, ya kilo 20 hadi 40, mara moja, pamoja na chakula, maana tumbo likiwa tupu dawa hiyo hainyonywi vizuri.

Kwa mdogo nashauri cha kila mwezi, si Bravecto, ambayo hukaa mwilini wiki 12. Sababu ni kwamba anakua. Leo ni kilo 9 na anatosha NexGard ya miligramu 28, ya kilo 4 hadi 10, lakini mwezi ujao huenda akapita kilo 10 na kuhitaji ya miligramu 68. Mpimeni kwa mizani kila kabla ya kidonge: mtu asimame na mbwa mikononi, kisha asimame peke yake, mtoe. Na msikate kidonge kikubwa kuwagawia mbwa wawili; dawa haiko sawasawa kila kipande, na mmoja atapata pungufu. Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa asipewe kundi hili bila daktari kujua. Jambo moja la nyumba ya Kiislamu: baadhi ya vidonge hivi vimetiwa ladha ya ini la nguruwe. Ulizeni, someni karatasi ya ndani, na mtapata cha ladha nyingine.

Vidonge si rahisi, najua. Ikiwa vimewashinda, hapo ndipo dawa ya kuogesha inapoingia, na Triatix ya shemeji inaweza kufaa kwa dume, mradi daktari aridhie na kipimo kifuatwe. Triatix ni amitrazi, na ile ya kawaida ya ng'ombe ina asilimia 12.5, yaani miligramu 125 kwa kila mililita. Kwa upele wa Sarcoptes tunataka maji yenye miligramu 250 kwa lita, ambayo ni mililita 2 za dawa kwa lita 1 ya maji. Ndoo ya lita 5 inapokea mililita 10, iliyopimwa kwa bomba la sindano, si kwa kifuniko cha chupa. Someni asilimia kwenye kibandiko kwanza. Ikiwa si 12.5, hesabu hii haifai. Na kama chupa imefunguliwa zamani na imekaa juani, itupeni kwa utaratibu, maana amitrazi huharibika.

Mkimwogesha, fanyeni hivi. Kwanza manyoya yapunguzwe na mwili uoshwe kwa sabuni mpaka magaga yalainike na kutoka, kwa sababu dawa haipenyi gaga. Mfuteni maji. Mpakeni mafuta ya macho. Mwenye kuogesha avae glavu ndefu, akae penye hewa, asiwe na pumu wala kisukari, na asiwe anatumia dawa za sonona za jamii inayogongana na amitrazi. Watoto wakae mbali. Changanyeni dawa saa hiyo hiyo, si jana yake. Mpitisheni sponji mwili mzima, mkifika kwenye makwapa, tumbo, katikati ya vidole na ndani ya bawa la sikio, bila kumwaga ndani ya tundu. Msimsuuze. Akauke mwenyewe kivulini, mdomo ukizuiwa asijirambe hadi akauke. Rudieni kila wiki, mara 4 hadi 6. Katikati ya wiki asiogelee, maana akilowa dawa imeondoka.

Atasinzia siku hiyo, hilo hutarajiwa. Lakini akishindwa kusimama, akipoa mwili, akitapika au mapigo ya moyo yakienda polepole, mwosheni kwa sabuni na maji mengi na mkimbizeni kwa daktari, ambaye ana sindano ya kuizima amitrazi. Maji yaliyobaki msiyamwage karibu na kisima wala kwenye mfereji unaokwenda baharini, yanaua samaki. Wala msimpake punda. Amitrazi huwasimamisha farasi na punda tumbo, wakavimbiwa hadi kufa, nasi ukanda huu, kuanzia huko kwenu hadi Lamu, tuna punda wengi wanaofungwa hapo hapo penye mbwa. Kwa mdogo mwenye Demodex kipimo ni maradufu ya hicho na nyayo zake zina vidonda, kwa hiyo huyo aogeshwe na daktari tu. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 3 hapakwi kabisa.

Ivamektini ya ng'ombe nayo haina leseni ya kutibu upele wa mbwa, ingawa madaktari huitumia. Naomba uisome hesabu hii na shemeji yako akiwepo. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Kipimo cha chini kwa Sarcoptes ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mbwa, kwa sindano ya chini ya ngozi, kila baada ya wiki 2. Dume wa kilo 22 anahitaji miligramu 4.4, yaani mililita 0.44. Mdogo wa kilo 9 angehitaji mililita 0.18. Mililita 2 ni zaidi ya mara 4 kwa mkubwa na mara 11 kwa mdogo. Kosa hili hutokea kwa sababu bomba la kudungia ng'ombe halina alama za chini ya mililita 1 zinazosomeka. Daktari hutumia bomba dogo la mililita 1.

Kuna na la pili. Baadhi ya mbwa hurithi hitilafu kwenye jeni ya MDR1, na kwao ivamektini hupenya hadi kwenye ubongo. Mbwa wa aina ya Koli ndio wanaojulikana zaidi, ila hata Jamani Shepadi wamo wenye nayo, na dume wenu ana damu hiyo. Kwa mbwa wa namna hiyo hata kipimo cha kawaida kinaweza kumtoa mate, kumpepesusha, kumpofusha na kumlaza asiamke. La tatu ni mbu wetu. Mbwa mwenye minyoo ya moyo, inayosambazwa na mbu, anaweza kupata mshtuko minyoo michanga ikifa kwa wingi ndani ya damu. Daktari atatazama tone la damu kwanza. Na kumwogesha amitrazi na kumdunga ivamektini siku moja, kama alivyoshauri shemeji, ni kumbebesha mnyama aliyekonda dawa mbili nzito kwa pamoja. Usikubali.

Oili chafu, hapana. Mbwa atajiramba, na humo mna mabaki ya metali na kemikali za injini zinazochoma ngozi na kuumiza ini na figo. Pia inaziba vipele na kuficha usaha chini yake. Bahari haiui utitiri, chumvi inachoma ngozi iliyochubuka, na mchanga wa ufukweni unakutana na mbwa wengine. Mwarobaini hauna madhara makubwa ukipakwa nje, na unaweza kutuliza, ila mdudu aliye ndani ya kijia haumfikii. Mafuta ya nazi kidogo kwenye magaga, usiku wa kuamkia kuogeshwa kwa sabuni, yanasaidia kuyalainisha.

Usaha wa mdogo unahitaji tiba yake. Bakteria wameingia kwenye mashina yaliyopasuka, na kuua utitiri bila kuua bakteria kutamwacha akichechemea. Kwa kawaida ni sefaleksini, miligramu 15 hadi 30 kwa kilo kila saa 12. Kwa kilo 9 kapsuli ya 250 asubuhi na jioni pamoja na chakula inaingia humo. Huendelea wiki 3 hadi 4 na zaidi, na haiachwi siku usaha unapokauka; ongezeni wiki moja baada ya ngozi kuonekana nzima. Pamoja nayo, sabuni ya klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4, mara mbili kwa wiki, ikae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Hizo dakika 10 ndizo tiba yenyewe. Daktari ndiye atakayeamua kama usaha unahitaji kupimwa maabara kwanza.

Kuhusu binti: yaelekea ameambukizwa na dume. Utitiri wa mbwa hujaribu kuingia kwenye ngozi ya mtu, huwasha, hutoa vipele mahali palipogusana na mbwa, lakini hauzaliani huko. Mbwa akitibiwa na mtoto akakaa mbali naye, vipele hukoma ndani ya wiki chache. Kwa sasa mtu mzima avae glavu na kuwapelekea chakula. Mpelekeni kituo cha afya kama mwasho umezidi usiku, vipele viko katikati ya vidole na viganjani, au mwingine nyumbani ameanza bila kuwagusa mbwa, kwa sababu hapo inaweza kuwa upele wa binadamu, unaotibiwa kwa familia nzima siku moja. Msimpake mtoto dawa ya mbwa. Demodex ya mdogo haimpati mtu yeyote.

Suala la utohara waulizeni masheikh wenu, ila kazi hii yaweza kufanywa bila mkono mtupu kumgusa mbwa aliyelowa: glavu ndefu, nguo na viatu vya kazi hiyo tu, ndoo na sponji visivyorudi jikoni. Kidonge nacho kinafichwa ndani ya dagaa na kurushwa, mmesimama mpaka kimeze.

Kibanda kinahitaji kusafishwa siku ile ile ya dozi ya kwanza. Utitiri wa Sarcoptes ukiwa nje ya mwili, kwenye joto la kawaida la chumba, huishi siku 2 hadi 6. Penye ubaridi na unyevu huweza kufika wiki 3. Chini ya makuti, juu ya magunia yaliyolowa mate na mkojo, unyevu haukauki upesi. Yachomeni magunia. Fagieni, sugueni sakafu na mbao kwa sabuni na maji ya moto, mwanikeni kila kinachobebeka kwenye jua kali. Kwa wiki 3 walalie kitu kinachofulika, kifuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Mbwa wote wawili watibiwe siku moja, hata mdogo asiyejikuna, maana analala na dume. Kidonge chake cha Demodex kinamkinga na huko pia. Yule wa mtaani akiendelea kuingia mtarudi mlikotoka, hivyo zibeni ua na ofisi ya mifugo ya Malindi ipewe taarifa.

Dume akianza dawa, msishangae akijikuna zaidi siku za mwanzo. Wadudu wanakufa wakiwa ndani ya ngozi. Mwasho hupungua taratibu ndani ya wiki 2 hadi 4. Ukishindikana, daktari anaweza kumpa kotizoni kwa siku chache, kwa dume tu, na baada ya kuhakikisha hana Demodex. Ikiwa wiki 6 zimepita na bado hajilazi, basi ama mbwa mwingine anamwambukiza upya, ama si upele huu, na uchunguzi uanze tena na mzio na fangasi vikiwemo.

Kwa mdogo, kipimo cha kupona si manyoya. Manyoya huota kabla utitiri haujaisha, na watu wengi huacha dawa wiki hiyo, kisha ugonjwa unarudi na nguvu. Akwanguliwe kila mwezi, sehemu zile zile, na dawa iendelee mpaka mikwaruzo miwili mfululizo, mwezi mmoja kati yake, isionyeshe mdudu wala yai. Inaweza kuchukua miezi kadhaa. Wakati huo apewe dawa ya minyoo, na ugali wake usiwe mtupu: dagaa, maini, mayai, chochote chenye protini. Akishapona afungwe kizazi, kwa sababu joto la kupandwa na mimba huweza kuuamsha ugonjwa, na udhaifu huu hurithiwa. Aliyewapa huko Kakuyuni naye aambiwe, ili mama yake asizalishwe tena na waliochukua ndugu zake wawaangalie macho, midomo na nyayo, na mtu yeyote asiwadunge kotizoni.